Daraja la shahada linavyopigwa hesabu, kwa aliye Goma na fomu inayodai 2:1

Fomu za masomo na za ufadhili zinazofika Goma kutoka Uingereza, hata zile za vyuo vya Kampala, huwa na mstari mmoja unaowasumbua wengi: andika daraja la shahada yako. Ufadhili wa Chevening, kwa mfano, kwa kawaida unataka shahada inayolingana na daraja la pili la juu, lile linaloandikwa 2:1. Aliyemaliza Goma au Bukavu ameshika karatasi inayosema Distinction, 72%. Aliyejiandikisha kusoma kwa njia ya intaneti na chuo cha Uingereza ana kota (alama) za moduli (masomo) peke yake na hajui zitamfikisha wapi. Wote wawili wanahitaji kuijua hesabu ya ndani, na hesabu hiyo si ya kujumlisha kota na kugawa kwa idadi ya masomo.

Vya kuweka mezani kwanza

Tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni orodha ya moduli zote, kila moja na kredi zake. Cha pili ni kota ya mwisho ya kila moduli, yaani ile iliyopitishwa na juri, kikao cha walimu kinachothibitisha matokeo. Kota uliyoandikiwa juu ya kazi moja moja haitoshi, kwa sababu juri inaweza kuishusha au kuipandisha. Cha tatu ndicho kinachosahauliwa: kanuni za mitihani za chuo chenyewe, toleo la mwaka ulioingia. Uingereza haina sheria moja ya nchi nzima inayosema wastani upigwe vipi. Kila chuo kinajitungia. Kanuni hizo huwekwa kwenye tovuti ya chuo kama PDF ndefu yenye kuchosha. Usiisome yote. Fungua sehemu ya kutafuta neno, andika "classification", na utafika kwenye kurasa tatu au nne zenye kazi.

Bila karatasi hiyo ya tatu unabahatisha tu, hata kama kota zako zote ziko sawa. Hapa chini utaona kwa nini.

Madaraja yenyewe

Shahada ya kwanza ya Uingereza yenye Honours ina madaraja manne. Wastani wa 70 na zaidi ni daraja la kwanza. Kuanzia 60 hadi chini ya 70 ni daraja la pili la juu, 2:1. Kuanzia 50 ni daraja la pili la chini, 2:2. Kuanzia 40 ni daraja la tatu, na chini ya hapo ni kuanguka. Mwanafunzi aliyekwama kwenye kredi 300 badala ya 360 zinazotakiwa anaweza kupewa shahada ya kawaida, isiyo na Honours wala daraja. Uskoti shahada ya Honours ni ya miaka minne na kredi 480.

Kota ziko juu ya 100, yaani kati ya sifuri na 100, lakini usizisome kwa macho ya huku kwetu. Kwenye insha na memwari (tasnifu ya mwisho), 75 ni kazi bora kabisa na 85 huonekana kwa nadra. Kwenye hisabati, ambako jibu ni sahihi au si sahihi, kota za 90 hutokea. Ndiyo maana 70, ambayo kwa mzazi wa Goma inasikika kama kota ya kawaida ya mtoto mwenye bidii, kule ni mlango wa daraja la juu kuliko yote.

Kuhusu kredi: mwaka mmoja wa Uingereza ni kredi 120, na mwaka mmoja wa LMD (mfumo wa Licence-Master-Doctorat) ya Kongo ni kredi 60. Hilo halimaanishi kwamba mwanafunzi wa Kongo amefanya nusu ya kazi. Kredi moja ya Uingereza inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, pamoja na kusoma peke yake, na kredi ya LMD ni kubwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo mwaka mzima ni mwaka mzima pande zote mbili. Kinachoharibu ni kujaza fomu kwa kuandika "kredi 180" bila kusema ni kredi za mfumo gani. Msomaji wa Uingereza akiona 180 anaweza kudhani umeishia katikati ya mwaka wa pili.

Hesabu, kota kwa kota

Tuchukue mwanafunzi wa chuo cha Uingereza, miaka mitatu. Mwaka wa kwanza kwenye vyuo vingi ni wa kufaulu tu. Kota zake haziingii kwenye daraja. Tunabaki na miaka miwili.

Mwaka wa pili, moduli sita za kredi 20 kila moja: 64, 68, 61, 70, 66, 63.

Mwaka wa tatu, memwari ya kredi 40: 76. Halafu moduli nne za kredi 20: 72, 68, 71, 65.

Mwaka wa pili ni rahisi kwa sababu kredi zinalingana: jumla ni 392, gawa kwa 6, unapata 65.33.

Mwaka wa tatu ndipo watu wanapoteleza. Wanajumlisha kota tano, 352, wanagawa kwa 5, wanapata 70.4. Hiyo si kota ya chuo. Memwari ina kredi mara mbili, kwa hiyo inaingia na uzito mara mbili. Zidisha kila kota kwa kredi zake: 76 × 40 ni 3040, 72 × 20 ni 1440, 68 × 20 ni 1360, 71 × 20 ni 1420, 65 × 20 ni 1300. Jumla 8560. Gawa kwa kredi 120: 71.33. Karibu kota nzima imepatikana kwa kufuata kredi tu. Ingekuwa memwari ndiyo mbaya, kota hiyo ingepotea vilevile.

Sasa inakuja ponderasyo ya miaka, yaani uzito wa kila mwaka. Kanuni inayosema mwaka wa pili ni 40% na wa tatu ni 60% inatoa: 65.33 × 0.4 = 26.13, na 71.33 × 0.6 = 42.80. Jumla 68.93. Daraja la pili la juu.

Chukua kota hizo hizo uzipeleke kwenye chuo kingine. Kinachopima mwaka wa pili mara moja na wa tatu mara mbili kinatoa 69.33, bado 2:1. Kinachotumia 20% na 80% kinatoa 70.13, na huyo huyo mwanafunzi ana daraja la kwanza. Kinachopima miaka yote miwili sawasawa kinampa 68.33. Hakuna aliyesoma zaidi wala aliyesoma kidogo. Kilichobadilika ni kanuni. Mtu akikuambia "kwa kota hizi una daraja fulani" bila kukuuliza unasoma chuo gani, mshukuru kwa nia njema na uendelee na hesabu yako.

Angalizo la vitendo: usikate desimali katikati ya njia. Ukiandika 65 badala ya 65.33 na 71 badala ya 71.33, jumla inashuka kutoka 68.93 hadi 68.60. Sehemu tatu za kumi za kota si kitu, mpaka siku unapokaa karibu na mpaka. Vyuo vingine vinapandisha 69.5 kuwa 70, vingine havipandishi kabisa. Na vinavyopandisha kwa kawaida hufanya hivyo mara moja, mwishoni. Tumia Excel au kikokotoo cha simu na uache namba zote hadi mstari wa mwisho.

Ukiwa bado unasoma, geuza hesabu. Mwaka wa pili umeisha na 65.33, kanuni ni 40 kwa 60, na unataka 70. Toa 26.13 kwenye 70, unabaki na 43.87, gawa kwa 0.6, unapata 73.11. Huo ndio wastani wa kredi unaotakiwa kuupata mwaka wa tatu. Ukishaujua, unaona pia pa kuweka nguvu: memwari ya kredi 40 ni theluthi ya mwaka, na kuipandisha kwa kota 6 kunapandisha mwaka kwa kota 2, wakati moduli ya kredi 20 ikipanda kwa kota 6 inaleta 1 tu.

Karibu na mpaka

68.93 haijaisha hapo. Vyuo vingi vina ukanda wa mpaka, mara nyingi kota 2 chini ya daraja, na anayeangukia humo anaangaliwa tena. Zamani juri ilikuwa na uhuru mkubwa wa kujadili mtu mmoja mmoja. Siku hizi kwa sehemu kubwa ni kanuni ya hesabu inayoamua, na juri inaithibitisha. Kanuni ya kawaida ni ya wingi wa kredi: je, kredi za kutosha ziko kwenye daraja la juu?

Rudi kwa mwanafunzi wetu. Mwaka wa tatu, kredi zenye kota ya 70 na zaidi ni memwari (40), na moduli za 72 na 71 (20 na 20). Jumla 80 kati ya 120. Kanuni ikidai nusu ya kredi za mwaka wa mwisho, amepanda: daraja la kwanza. Kanuni ikidai nusu ya kredi zote zinazohesabiwa, yaani 120 kati ya 240, anaongeza ile 70 moja ya mwaka wa pili, anafika 100, na anabaki na 2:1. Ndiyo maana moduli ya 69 inauma kuliko ya 66 ingawa kwenye wastani tofauti ni ndogo: kwenye hesabu ya wingi, zote mbili ni sifuri.

Kuna pia vyuo vinavyotupa kredi mbaya. Kanuni ikiruhusu kuacha kredi 20 mbovu kila mwaka, ya 61 inatoka mwaka wa pili na wastani unakuwa 66.20, ya 65 inatoka mwaka wa tatu na unakuwa 72.60. Kwa 40 na 60: 26.48 na 43.56, jumla 70.04. Daraja la kwanza kwa nywele. Lakini soma masharti: memwari kwa kawaida haitupwi, na moduli uliyoanguka au uliyokamatwa umenakili kazi ya mtu haifichwi kwa njia hii.

Moduli iliyoanguka

Huku kwetu mtu aliyezoea sesheni ya pili (mitihani ya kurudia) anaweza kudhani kwamba akirudia na kupata 68, atahesabiwa 68. Uingereza, kurudia baada ya kuanguka kwa kawaida kunawekewa dari: hata ukipata 90, inaandikwa kota ya chini ya kufaulu, 40. Weka 40 mahali pa ile 68 ya mwaka wa tatu: jumla inashuka kutoka 8560 hadi 8000, mwaka unakuwa 66.67, na wastani wa mwisho 66.13. Si tu kwamba kota 2.8 zimeondoka, mtu ametoka nje ya ukanda wa mpaka kabisa.

Mambo yanakuwa tofauti kama ulikosa mtihani kwa sababu nzito na ukaitangaza kwa wakati. Hapo chuo kinaweza kukuruhusu ufanye kana kwamba ni mara ya kwanza, bila dari. Kwa anayesoma akiwa Goma, sababu hizo zipo tele: umeme umekatika, mtandao umezimwa, barabara imefungwa, familia imehama usiku. Tatizo huwa ni ushahidi na tarehe. Tuma ombi kabla ya mtihani kama unaweza, au ndani ya siku zilizoandikwa kwenye kanuni. Ambatanisha chochote chenye tarehe: ujumbe wa kampuni ya simu kuhusu mtandao, picha ya skrini ya muunganisho uliokatika, barua ya hospitali. Kusubiri matokeo kwanza ndipo ueleze shida ni njia ya haraka ya kukataliwa, kwa sababu unaonekana umelalamikia kota.

Mfumo wa pointi wa Makerere

Wengi wa Goma na Rutshuru hawaendi mbali hivyo, wanaenda Kampala. Makerere nayo inatoa madaraja, ila njia ni nyingine. Kila kota inageuzwa kwanza kuwa pointi: 80 na zaidi ni 5, 75 hadi 79 ni 4.5, 70 hadi 74 ni 4, 65 hadi 69 ni 3.5, 60 hadi 64 ni 3, 55 hadi 59 ni 2.5, na 50 hadi 54 ni 2. Pointi zinazidishwa kwa kredi za somo, zinajumlishwa, halafu jumla inagawanywa kwa kredi zote. Kuanzia 4.40 hadi 5.00 ni daraja la kwanza, 3.60 hadi 4.39 ni la pili la juu, 2.80 hadi 3.59 ni la pili la chini, 2.00 hadi 2.79 ni kufaulu tu.

Muhula mmoja: somo la kredi 4 kota 78, la kredi 4 kota 80, la kredi 3 kota 69, la kredi 3 kota 70, la kredi 4 kota 62. Pointi zilizopimwa ni 18, 20, 10.5, 12 na 12, jumla 72.5. Gawa kwa kredi 18: 4.03.

Tazama ngazi zenyewe. Ile 69 ingekuwa 70, muhula ungepanda hadi 4.11. Lakini 78 ingekuwa 75, hakuna kingebadilika. Kwenye mfumo huu, kota kati ya ngazi na ngazi hazina thamani. Kota moja chini ya ngazi ni ghali. Mwanafunzi aliye na 68 kwenye kazi za muhula ana sababu nzuri ya kwenda kuuliza kota zake zilivyojumlishwa.

Tofauti kubwa na Uingereza ni kwamba hapa mwaka wa kwanza unahesabiwa, kuanzia muhula wa kwanza. Aliyeanza vibaya kwa sababu ya lugha, na wengi wanaotoka shule za Kifaransa huanza vibaya, anabeba mzigo huo hadi mwisho. Pima mapema kama bado inawezekana. Mwenye 4.10 baada ya kredi 100 kati ya 140, akitaka 4.40: 4.40 × 140 ni 616, toa 410, unabaki na 206, gawa kwa kredi 40 zilizobaki, unapata 5.15. Pointi ya juu kabisa ni 5, kwa hiyo haiwezekani hata akipata A kila mahali. Mwenye 4.20 anahitaji 4.90; ngumu, lakini ipo. Na usichukue wastani wa mihula na kugawa kwa idadi ya mihula, maana mihula haina kredi sawa. Beba jumla ya pointi na jumla ya kredi kutoka muhula hadi muhula.

Kama karatasi yako ni ya Kongo

Mfumo wa zamani wa asilimia uko wazi: 50 hadi 69 ni Satisfaction, 70 hadi 79 Distinction, 80 hadi 89 Grande Distinction, 90 na zaidi La Plus Grande Distinction. LMD, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2014 na kusambazwa vyuoni kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, inatoa kota juu ya 20.

Kosa la kwanza ni kuzidisha kwa 5. 14 juu ya 20 haiwi 70 ya Uingereza, na 72% ya Bukavu haiwi daraja la kwanza kwa sababu tu namba zinafanana. Kosa la pili ni kuandika 2:1 kwenye fomu kwa kujikadiria. Andika kilicho kwenye karatasi, pamoja na ngazi yake: "Distinction, 72%, ngazi ya 70 hadi 79". Kumbuka pia kwamba Uingereza neno Distinction ni la shahada ya uzamili yenye 70 na zaidi. Ukiliacha peke yake bila asilimia, msomaji anaweza kukusoma vibaya.

Kosa la tatu ni neno Licence. Licence ya zamani ilikuja baada ya graduat ya miaka 3, ikaongeza miaka 2. Licence ya LMD ni miaka 3 tu. Taja miaka na uambatanishe relevé (karatasi za kota) za miaka yote, si ya mwisho peke yake. Ukiwa kwenye aparitora (ofisi ya chuo inayotunza kota) unaomba relevé, hakikisha ina kredi au saa za kila somo. Relevé yenye kota bila uzito inamlazimisha anayekupima kugawa kwa idadi ya masomo, kosa lile lile tuliloliona juu, na halitakuwa upande wako kila mara.

Angalia jina lako kabla hujaondoka dirishani. Jina, post-nom (jina linalofuata lile la ukoo) na prénom (jina la kwanza) viwe kwa mpangilio na herufi zile zile kwenye diplôme d'État (cheti cha kumaliza sekondari), relevé na pasipoti. Fomu ya Kiingereza ina nafasi mbili tu za majina. Post-nom iweke pamoja na jina la ukoo na usibadilishe kutoka fomu moja hadi nyingine.

Vyuo vingi vya Uingereza vina ukurasa wa masharti kwa kila nchi. Kongo isipokuwepo, usiazime ukurasa wa Ufaransa au wa Ubelgiji. Iandikie ofisi ya udahili barua pepe fupi: shahada, miaka, asilimia au kota juu ya 20, ngazi ya mansioni (Satisfaction, Distinction na kadhalika), relevé ikiwa imeambatanishwa, na swali moja, je, hii inalingana na 2:1 kwa programu hii? Wakikudai cheti cha kulinganisha shahada, kinatolewa na UK ENIC, iliyokuwa ikiitwa UK NARIC hadi 2021. Kinalipiwa, kwa hiyo usikiombe kabla hujadaiwa. Jibu la ofisi ya udahili lihifadhi: mwenye kupokea faili lako miezi mitatu baadaye anaweza kuwa mtu mwingine.